Nyuzi tatu zisizolingana: kwa nini ala moja hukolea na nyingine hukera

Siku ya mazoezi mpiga ganuni hufika kabla ya wenzake. Si kwamba ana bidii kuwashinda. Nyuzi ndizo zinazomtoa nyumbani mapema. Ganuni, au kanuni kama wengine wanavyoiita, kwa kawaida ina nyuzi 78, zimepangwa tatu tatu, kila tatu kwa sauti moja. Anaipakata magotini, anatoa ufunguo wake mdogo wa chuma, anaanza kukaza uzi mmoja mmoja. Hapa Unguja kazi hiyo ina adha yake. Daraja linalobeba nyuzi zote hizo limekaa juu ya vipande vya ngozi, aghalabu ngozi ya samaki, na ngozi hunywa unyevu. Masika yakiingia ngozi inalegea, daraja linazama kiasi cha unywele, na nyuzi zote zinashuka nalo.

Jioni moja pale Vuga nilikaa pembeni nikimtazama mzee mmoja akiipatanisha. Aligusa uzi wa kwanza, akaupa sauti yake. Akagusa wa pili pamoja na wa kwanza, ikatoka sauti yenye kutikisika, wau-wau-wau, kama taa ya mafuta inayopigwa na upepo. Akazungusha ufunguo kidogo tu. Ule mtikisiko ukapunguza kasi: waaau, waaau. Kabla haujanyamaza kabisa akauacha, akahamia uzi wa tatu.

"Ami, mbona hujamalizia?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa mbona hakumimina pakiti nzima ya chumvi kwenye mchuzi. "Zikilingana kabisa, zinakufa."

Nilichukulia ni maneno ya wazee. Baadaye nikaja kujua kwamba ni fizikia, tena fizikia iliyochelewa kuandikwa vitabuni. Lakini nitangulie na lile lililonipeleka pale Vuga, kwa kuwa ndilo linalotugombanisha mabarazani. Ukiuliza ala ipi ya taarab ina sauti tamu kuliko zote, mmoja atakuapia udi, mwengine fidla, wa tatu atasema bila ya kodiani hakuna taarab. Mwenye umri mdogo atataja kinanda cha umeme, na wazee watamgeukia kwa pamoja kama aliyetukana. Kila mmoja anasema "tamu" na kila mmoja ana uhakika. Huo utamu uko wapi hasa: kwenye ala, au kwenye sikio?

Tuanze na ala. Uzi unaotetemeka mara 440 kwa sekunde hutoa noti ambayo okestra nyingi duniani hujipatanishia. Udi ukiipiga noti hiyo, nai, yaani filimbi ya mwanzi, ikaipuliza, kodiani ikaitoa, hesabu ni ile ile: 440. Hata hivyo mtoto wa Malindi aliyefumba macho hakosei ipi ni ipi. Hii ni kwa sababu uzi hautetemeki mzima tu. Wakati ule ule nusu zake zinatetemeka kwa 880, theluthi zake kwa 1,320, na kuendelea juu. Sauti ya msingi ni mama, na hizo nyengine ni watoto wanaomfuata nyuma. Kila ala ina watoto wake: hapa wa pili ana nguvu, pale wa tatu kafifia, kwengine wote wanapiga kelele pamoja. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliliandika hilo kwa kirefu mwaka 1863, na msingi wake bado umesimama.

Hapo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni jinsi sauti inavyoingia mlangoni. Mwaka 1948, Paris, mtunzi Mfaransa Pierre Schaeffer alirekodi kengele, akakata ule mwanzo wa kugongwa, akabakisha mlio unaofuata. Waliosikiliza walisikia kitu kama ala ya kupulizwa. Kengele ilikuwa imepotea pamoja na pigo lake. Ndivyo ulivyo udi. Ule mgusano mkavu wa risha, kile kijiti chembamba cha kupigia, na uzi, unaopita haraka kuliko kupepesa jicho, ndio unaoliambia sikio "huu ni udi". Ukiuondoa umebaki na mvumo tu. Ndiyo maana mpiga udi anaweza kusumbuka wiki nzima kutafuta risha inayomkaa, na mkewe akadhani amerukwa na akili.

Sasa turudi kwa yule mzee. Nyuzi mbili, moja ikitetemeka mara 440 na nyengine 442, hukutana na kuachana mara mbili kila sekunde. Zikikutana sauti inavimba, zikiachana inanywea. Hiyo ndiyo wau-wau. Tofauti ikiwa ndogo hivyo, sikio halisikii kosa. Linasikia sauti yenye uhai, inayopumua. Ikizidi, mathalani tofauti ya mitetemo thelathini, arubaini, hamsini kwa sekunde, kule kuvimba na kunywea kunakuwa kwa kasi mno, sikio haliwezi tena kukufuata, na kinachosikika ni mkwaruzo. Utamu na kero, kumbe, vinatoka chungu kimoja. Kilichobadilika ni kasi.

Na kule "kufa"? Mwanafizikia Gabriel Weinreich wa Marekani alilichunguza jambo hilo kwenye piano, ambayo nayo noti zake nyingi zina nyuzi tatu tatu, akachapisha aliyoyaona mwaka 1977. Nyuzi zinazolingana kabisa husukuma daraja kwa pamoja, zote juu, zote chini, kama watu wanaosukuma gari lililokwama kwa "haya!" moja. Nguvu yao yote inakwenda kwenye daraja na kumalizika mapema. Zikiwa zimeachana kidogo, haraka moja inakuwa juu wakati mwenzake yuko chini, daraja linatulia, na nguvu inabaki ndani ya nyuzi. Noti inaishi muda mrefu zaidi. Yule ami hakuwa na habari ya karatasi ya 1977. Alikuwa na masikio, na miaka mingi ya kukaza nyuzi.

Kodiani inatumia ujanja huo huo, isipokuwa wake umetiwa kiwandani. Ndani yake mna ndimi nyembamba za chuma, na katika kodiani nyingi kila noti ina ndimi mbili au tatu zilizotofautishwa kwa makusudi ili sauti itikisike. Mtu akikwambia kodiani "inalia", hajakosea sana. Kasi ya mtikisiko wake inakaribia ule wa koo la mwimbaji anayekokota neno la mwisho la shairi, ambao kwa waimbaji wengi ni mara tano hadi saba kwa sekunde. Mpiga fidla naye, anapotikisa kidole juu ya uzi, huangukia kasi hiyo hiyo bila ya kufundishwa hesabu.

Kwangu mimi hapo ndipo fidla inapoitangulia kodiani, na watu wa kodiani wanisamehe. Shingo ya fidla haina vituo. Kidole kinaweza kuteleza kutoka noti moja hadi nyengine kikipita kila mahali palipo katikati, kama sauti ya mtu anavyoteleza anaposema "jamaniii". Ndiyo maana katika taarab fidla hukaa nyuma ya mwimbaji na kumjibu: anamaliza mstari, nayo inauchukua, inaurudia kwa namna yake, kama mtu wa nyumbani anayeitikia kutoka chumbani. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, fidla na udi vilikwenda naye. Santuri za wakati ule zilibeba kipande tu cha sauti: besi ilipotea, na vile vya juu sana vilipotea. Kilichosalimika ni katikati, mahali pa sauti ya binadamu na ya fidla. Masikio ya vizazi viwili yalifundishwa taarab kupitia tundu hilo jembamba la gramafoni. Sishangai babu zetu waliiona fidla kama ndiyo taarab yenyewe.

Nimesema "yalifundishwa", na neno hilo lina ugomvi ndani yake. Wapo wanaoshikilia kwamba utamu wa sauti ni wa maumbile, kwamba noti fulani zikikaa pamoja kila binadamu atazipenda. Mwaka 2016 watafiti waliowasikilizisha Watsimane, watu wa misitu ya Bolivia ambao muziki wa Magharibi ulikuwa haujawafikia sana, walichapisha matokeo katika jarida la Nature. Noti ambazo Wazungu huziita zinazopatana na zile wanazoziita zisizopatana, Watsimane walizipa alama sawa za kupendeza. Hawakuona tofauti ya utamu. Mkwaruzo, lakini, waliuchukia kama tunavyouchukia sisi. Kwa hiyo mkwaruzo tumezaliwa tukiukwepa. Mengi ya yaliyobaki tunayaokota nyumbani, mtaani na harusini.

Mfano wetu wa karibu ni robo, yaani robo ya toni. Baina ya kibao kimoja cha kinanda na kile kinachokifuatia mna masafa ya nusu toni. Waarabu wana noti zinazokaa katikati ya nusu hiyo, na maqamu, yaani mipangilio ya noti, kama Rasti, Bayati na Sika hayakamiliki bila ya noti hizo. Udi unazipata kwa sababu hauna vituo. Fidla kadhalika. Nai inazipata kwa mdomo na vidole, ganuni kwa vipande vidogo vya chuma vilivyo pembeni ya nyuzi, vinavyoinuliwa na kulazwa. Mtu aliyekulia na Umm Kulthum redioni akiisikia robo anafumba macho na kutikisa kichwa. Mgeni aliyekulia na piano anauliza kwa upole kama ala imeharibika. Masikio ni yale yale, malezi mbali mbali. Kodiani ya kawaida haina robo kabisa, kwa hiyo ikiwemo ni salama zaidi kubaki kwenye maqamu yasiyoitaka, kama Nahawandi na Hijazi. Misri wako mafundi waliozirekebisha ndimi ili zitoe robo, kazi ambayo mimi nikiifikiria tu vidole vinauma.

Kuna jambo jengine ambalo taarab ya zamani inalijua vizuri, nalo ni kukawiza. Katika taksimu, ile sehemu ya kupiga kwa kubuni papo hapo, mpigaji yuko peke yake. Anazunguka, anaikaribia noti ya nyumbani, anaigusa ya jirani, anarudi nyuma. Watu wanasubiri. Mwishowe anapotua, ukumbi mzima unatoa "Allah!" kwa pumzi moja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walionyesha mwaka 2011 kwamba ubongo wa mtu anayesikiliza muziki anaoupenda hutoa dopamini, kemikali inayohusishwa na raha, mara mbili: wakati wa kile kilele chenyewe, na kabla yake, pale anapongojea kifike. Mtu asiyejua nyumbani ni wapi hana anachongojea. Hapo pia sikio linahitaji kuwa limefunzwa.

Basi tumgeukie yule kijana wa kinanda cha umeme, maana pale barazani hakutendewa haki. Miaka ya 1990 ilipokuja na rusha roho, ile taarab ya kisasa, vinanda viliwaondoa watu wengi jukwaani: fidla nne, chelo na nai vikaingia katika sanduku moja la plastiki. Wazee hulalamika kwamba sauti yake "haina chumvi". Wana hoja. Fidla ya kinanda ilirekodiwa mara moja mahali fulani, na kila ukibonyeza unapata ile ile, tarehe ile ile, mkono ule ule. Fidla nne za watu zikipiga noti moja hazilingani hata siku moja, na kule kutolingana kunazaa ule uvimbe wa nyuzi tatu za ganuni, mara kadhaa. Kinanda kinaigiza jambo hilo, lakini kinaigiza kwa namna moja kila mara, na sikio lililozoea halidanganyiki kwa muda mrefu.

Mdogo wangu wa kike, hata hivyo, akisikia ile nai ya kinanda ya rusha roho, iliyo nyembamba na kali kidogo, anaacha alichoshika. Alikuwa na miaka kumi na tano zilipotamba. Alikuwa anajifunza kupaka hina, anavaa dira la kuazima, anatunza noti mpya mpya za pesa alizobadilishiwa na mama kwa ajili ya harusi. Wanaochunguza kumbukumbu wanakuta tena na tena kwamba nyimbo tulizozisikia baina ya miaka kumi na thelathini hivi ndizo zinazotushika zaidi uzeeni. Kwake nai ya kweli ndiyo inayosikika kama imekosa kitu, na sina namna ya kumwambia amekosea. Nilijaribu mara moja. Niliambiwa nisimzeeshe.

Mpaka hapa nimezungumzia ala za kukaa kwenye kiti. Kidumbak, ile taarab ya ngoma na kucheza, ni habari nyengine. Pale pana fidla, vidumbak viwili ambavyo ni ngoma ndogo, cherewa za kutikisa, mkwasa wa vijiti, na sanduku, na mwenye mamlaka ni sanduku. Ni boksi la mbao, zamani lile la chai, lenye kamba moja iliyofungwa kwenye ufito. Mpigaji anauvuta ufito kamba ikaze, anaulegeza ishuke, huku mkono wa pili unaipiga. Noti zake ni za kukisia na mlio wake una mtetemo wa mbao ndani yake. Ukiusikiliza peke yake utasema ni kitu cha watoto. Tia ngoma, utaona viuno.

Maelezo yake ninayoyapenda yalitoka Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwaka 2014. Watu waliwekewa noti mbili pamoja, ya juu na ya chini, halafu moja ikawahishwa kwa sehemu 50 za elfu za sekunde. Iliyowahi ikiwa ya chini, ubongo ulishtuka zaidi kuliko iliyowahi ikiwa ya juu, na vidole vilivyokuwa vikigonga mapigo vilijirekebisha kuifuata. Sikio letu linashika wakati kupitia sauti nzito. Fidla katika kidumbak inaweza kurembesha na kupotea itakavyo, lakini sanduku likikosea, wachezaji wote wanajikwaa. Noti ikiwa ya kukisia si neno. Wakati haukisiwi.

Nimebakisha zumari, na nimeibakisha makusudi, kwa sababu ndiyo ala ninayogombana nayo. Mama yangu ni Mpemba wa Wete. Utotoni tukienda kwao likizo, usiku wa harusi sauti ya kwanza kutufikia ilikuwa zumari, kabla ya ngoma, kabla ya vigelegele, ikivuka bonde zima la mikarafuu. Mimi nilikuwa naziba masikio. Mama alikuwa anasimama mlangoni.

Zumari ina ulimi wa jani, na umbo lake linapanuka kuelekea mwisho kama pembe. Umbo hilo linawapa watoto wote wa sauti nafasi, wa shufwa na wa witiri, na wengi wao wana nguvu kumshinda mama yao. Halafu iko hii: tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita mbili na nusu, na tundu la urefu huo hukuza sauti zilizo karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde. Sikio letu ni kali zaidi baina ya 2,000 na 5,000. Kilio cha mtoto mchanga kina nguvu mahali hapo hapo, na ndipo zumari inapomimina nguvu yake. Haikuundwa kubembeleza ukumbini. Iliundwa iwafikie walioko mbali, nje, usiku, juu ya ngoma zinazorindima, na mpigaji hajipumzishi: anajaza mashavu, anavuta pumzi kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma, sauti haikatiki.

Mwaka jana jamaa mmoja alinitumia kwa simu kipande cha kidumbak na kipande cha zumari, vyote vya harusi. Spika ya simu ni ndogo kuliko kidole gumba, na sauti nzito haiziwezi. Kile cha kidumbak kilitoka fidla na cherewa tu. Sanduku lilikuwa limezama, limebaki kama tetesi. Ubongo una tabia ya kumkisia mama kwa kuwasikia watoto wake, ndiyo maana besi ya simu haipotei yote, lakini kiuno hakikisii. Nikafungua cha zumari. Hakuna kilichopungua. Yote yaliyomo katika zumari yamo mahali ambapo simu inafika, na nyumba yote ya Mjini, saa nne za usiku, ikajaa harusi ya Pemba.

Mama akatoka chumbani na kanga yake mabegani, akasimama mlangoni vile vile. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Rejesha," akasema. Nikarejesha. Mara ya tatu ndiyo akakumbuka saa. "Haya, zima sasa, majirani wamelala."

Nikazima. Akabaki pale pale mlangoni.